Kifumbu cha Udongo

Siku ya kumi na moja tangu miche ipandwe, Abdulkadir aliona kingo za majani zimekauka. Huu haukuwa mnyauko. Mnyauko alikwisha kuujua mara mbili, na sura yake hakuwa na haja ya kuulizia: huuangusha mnyanya mzima katika mchana mmoja, ungali kijani. Haya yalikuwa mengine. Kila jani lilikuwa na utepe mwembamba wa hudhurungi pembezoni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na katikati limebaki zima. Alipiga magoti kwenye tuta la kwanza, akalishika jani moja kwa vidole viwili. Likavunjika.

Kivungulio, ile nyumba ya nailoni ya kuoteshea, kilikuwa na matuta manne, kila tuta miche sitini. Aliyapita yote kwa magoti, mpaka joto la chini ya nailoni likamtoa jasho la kuingia machoni.

"Baba Yusra, chai inapoa," mkewe Ummulkheir aliita kutoka uani. Yusra, binti yao, alikuwa ameolewa Majoreni miaka mitatu iliyopita, lakini jina lake lilibaki hapa Mwabungo likitumika kila siku.

"Njoo uone."

"Nimeshika sufuria."

"Iweke, uje uone."

Ummulkheir alikuja akijifuta mikono kwenye leso. Alitazama tuta la kwanza, akatazama la pili, na kwenye la tatu hakufika. Hakuuliza ni ugonjwa gani.

"Kalama wa mradi anakuja lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ni Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu."

Nyumba ile ya nailoni, kama majirani walivyoiita, haikuwa yao. Ilikuwa ya mradi, na mradi ulikuwa na kanuni moja iliyosomwa mkutanoni mbele ya watu wote: familia itakayopoteza upanzi mara tatu itampisha aliye chini yake kwenye orodha. Siku ile Abdulkadir alipiga makofi pamoja na wenzake, kwa kuwa kanuni ilikuwa ya haki na yeye alikuwa amefanya kazi ya bustani hotelini Diani kwa miaka ishirini na miwili. Hakufikiri kwamba ingemhusu. Sasa mnyauko ulikuwa umekwisha kumla mara mbili, na huu ulikuwa upanzi wa tatu. Aliyekuwa chini yake kwenye orodha alikuwa mtu wa Bodo.

Fimbo ilisikika ikigonga kizingiti. Mama yake, Twaiba, alikuwa na desturi ya kuja kuijulia hali miche kabla ya kustaftahi.

"Wanangu wameamkaje?"

Abdulkadir alisimama haraka, akaushika mlango wa nailoni kabla haujafunguliwa wote.

"Wameamka salama, mama. Usiingie, joto kali. Bado wamelala."

"Wameamka au wamelala?"

"Yote mawili," Ummulkheir alisema, na akamshika mkono mkwewe kumrudisha uani.

*

Njiani kwenda Ukunda, akiwa na jani moja limefungwa ndani ya gazeti, Abdulkadir alikutana na jirani yake Chirau akitia hewa gurudumu la mkokoteni.

"Sheikh, leo hampiki?"

"Leo hatupiki."

"Basi siku mtakayopika mtuite. Mara ile muhogo haukutiwa tui."

Maskhara hayo yalikuwa na umri wa wiki tano. Kalama, afisa wa mradi, aliwafundisha kuutumia moto mmoja kwa kazi mbili. Takataka kavu za mimea zilijazwa ndani ya pipa, pipa likafunikwa, zikachomwa kwa hewa kidogo mpaka zikawa makaa mepesi ya kuchanganya na udongo ili ushike maji na rutuba. Kalama aliyaita bayochari. Twaiba aliyaita masizi. Juu ya pipa hilo lilikaa jingine la maji, nayo yalipochemka mvuke ulipita kwenye bomba hadi chini ya turubai lililofunika tuta, ukaviua vijidudu vya mnyauko vilivyojificha udongoni. Ili kujua kama joto limetosha, walifukia kipande cha muhogo. Muhogo ukiiva, udongo umeiva. Mwabungo nzima ilikuja kutazama watu wazima wakipika mchanga, na Chirau ndiye aliyekula muhogo.

Katika duka la pembejeo Abdulkadir alingoja mpaka wanunuzi watatu waliofika baada yake wahudumiwe kwanza. Kijana wa dukani, mtu wa bara, alilichukua jani bila ya kutoa kifaa cha muziki sikioni.

"Hii si ugonjwa, mzee. Hii imechomeka. Uliweka fertilizer mob?"

"Sikuweka mbolea ya dukani. Samadi ya mbuzi tu, tena iliyooza vizuri."

"Basi ni maji. Hapa Coast maji iko na chumvi."

"Maji yetu ni ya kisima cha msikiti. Ni matamu, tunayanywa."

"Sasa kama si maji mimi siwezi jua. Leta udongo tupeleke lab, results ni wiki tatu."

"Wiki tatu sinazo."

"Basi pole." Kijana alilitupa jani kwenye pipa la taka chini ya kaunta, akamwangalia mtu aliyekuwa nyuma. "Next."

Abdulkadir hakuondoka. "Naomba jani langu."

"Unalitaka la nini?"

"Ni langu."

Mtu wa nyuma alicheka, si kwa ubaya. Kijana akanyosha kidole kuelekea pipa. Abdulkadir, ambaye hotelini alikuwa na vijana sita chini yake na kila mmoja akimwamkia shikamoo, aliinama akalitafuta jani lake baina ya vikopo na maganda ya machungwa, akalipata, akalikunja tena ndani ya gazeti.

*

"Wamesemaje?" Ummulkheir aliuliza. Alikuwa akichambua mchicha jikoni.

"Wamesema chumvi."

"Chumvi itoke wapi?"

"Ndilo nililowauliza."

Ummulkheir aliendelea kuvunja mabua ya mchicha. Alikuwa mpishi wa arusi na hitima, na alipokuwa akifikiri jambo hulifikiri kama mchuzi ulioharibika: anatoa kimoja kimoja kilichotiwa, mpaka abaki na kilichokosea.

"Udongo ni uleule. Samadi ni ileile. Maji ni yaleyale tunayonywa." Alisita. "Kipya ni nini?"

Ummulkheir aliweka ungo chini, akatoka hadi kwenye tanuri la mapipa. Pembeni yake palikuwa na nusu gunia ya makaa yaliyosalia. Alichota kidogo kwa ncha za vidole, akaweka ulimini. Uso wake haukubadilika. Alitema, akachota tena, akamnyoshea mumewe mkono.

"Onja."

Abdulkadir alionja. Kisha wote wawili, bila ya kuambiana, wakageuka kuelekea kibanda cha makuti kilichokuwa nyuma ya nyumba. Kutoka huko ilisikika sauti waliyoizoea hata hawakuisikia tena: gongo la mti likipiga makumbi, mapigo mawili mafupi na moja refu.

Twaiba alikuwa mpigaji makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa ufuoni, chini ya mchanga ambao bahari huufunika mara mbili kwa siku, na hulala huko miezi sita, pengine minane, mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa gongo, na nyuzi zake, usumba, husokotwa kamba. Kinachosalia baada ya usumba kutolewa ni makapi laini yasiyo na kazi. Twaiba aliyarundika miaka arobaini. Na kwa kuwa alikuwa mtu nadhifu, aliyarundika chini ya paa, yasilowe. Lau angaliyatupa nje kama wanawake wengine, masika ya miaka hiyo yote yangaliyaosha.

Jambo hilo kila mtu wa Mwabungo alilijua. Lilijulikana mno, ndiyo maana hakuna aliyelikumbuka. Majani yaliyopunguzwa hotelini, waliyokusudia kuyachoma, yalipokosekana, baada ya hoteli kumpa mtu mwingine kazi ya kuyazoa, ni Twaiba mwenyewe aliyesema, "Kwani makapi yangu hayaungui?" Kalama alikuja akayashika, akauliza kama yamekauka. Yalikuwa yamekauka. Hakuna aliyeuliza yalikuwa yamelala wapi kabla ya kukauka. Moto uliondoa kila kitu kilichokuwamo, ukaiacha chumvi peke yake ndani ya makaa.

Siku ya kuchoma, Twaiba alivaa leso mpya. Alikaa kwenye kigoda akitazama moshi, akasema maneno ambayo Abdulkadir sasa aliyakumbuka kwa uchungu: "Uchafu wangu umepata kazi kabla sijafa."

"Mama asijue," Abdulkadir alisema.

"Atajua tu. Ana macho."

"Asijue kutoka kwetu."

Ummulkheir alipangusa ulimi kwa ncha ya leso. "Na Kalama je? Ataiuliza sababu. Sababu ikijulikana, pengine tukapewa muda. Isipojulikana, wanaing'oa nyumba."

"Kalama huandika fomu huku akisoma kwa sauti. Na mama atakuwa amekaa palepale."

"Kwa hiyo tuikose nyumba ya nailoni kwa haya?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini, basi?"

Abdulkadir alilifunga mdomo gunia la makaa kwa kipande cha kamba. Ilikuwa kamba ya usumba. Nyumbani kwao hapakuwa na kamba nyingine. Mkewe akarudi kwenye mchicha wake.

Siku mbili zilizofuata mlango wa nailoni ulifungwa, na kila Twaiba alipofika aliambiwa miche imelala.

*

Kalama alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, na hakuwa peke yake. Nyuma ya pikipiki alipakia mtu mrefu mwenye haya, aliyeshuka akabaki amesimama kando kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva.

"Huyu ni Chengo, wa Bodo," Kalama alisema. "Amekuja kuona vipimo tu. Isiwe tabu."

"Karibuni," Abdulkadir alisema. "Si tabu."

"Shikamoo, mama," Chengo alimwamkia Twaiba, aliyekuwa kwenye kigoda chake kivulini mwa ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Bodo hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Tunamshukuru Mungu."

Kisha akatoa kamba yenye mafundo mfukoni, akaanza kupima ubavu wa nyumba ya nailoni, akihesabu mafundo kwa midomo bila ya sauti. Kila alipopita karibu na wenyeji alisema "Samahani." Alisema samahani mara nne, kwa pande nne.

Kalama aliingia ndani, akatoka akipangusa miwani. Hakuwa mtu mkali. Alikaa kwenye benchi, akaweka fomu juu ya goti.

"Mnyauko haupo," alisema. "Mvuke ulifanya kazi yake, hilo nimeliona. Lakini miche inakufa. Sababu?"

Ummulkheir alimtazama mumewe. Abdulkadir alikuwa akiutazama mpaka wa kivuli na jua.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, bwana Kalama."

"Abdulkadir, wewe si mtu wa kujifunza juzi. Miaka ishirini na miwili ya bustani. Hata dhana huna?"

"Sina."

"Fomu hii ina mstari mmoja tu wa sababu. Nikiandika mkulima hajui, ofisini watasema hakufuata mafunzo. Niandike hivyo?"

"Andika."

Kalama alifungua kalamu. Akaandika pole pole, na kama ilivyokuwa tabia yake, akasoma kwa sauti: "Sababu ya kufa kwa miche: mkulima hajui..."

"Futa," alisema Twaiba.

"Mama," Abdulkadir alisema.

"Kadiri, nyamaza. Tangu Jumatatu mnanifungia mlango, mnaniambia miche imelala. Mimi ni mzee, si mjinga. Miche hulala?" Alimgeukia Kalama. "Nilikwenda kwenye gunia nikaonja. Chumvi tupu. Mwanangu anajua, na mkewe anajua, wananistahi tu. Makumbi ni yangu. Andika hivyo."

Kalama aliinua kalamu. "Sijafahamu, mama. Makumbi yana kosa gani? Kwetu nazi hufuliwa asubuhi, na makumbi jioni yako jikoni."

"Kwenu hayafukiwi baharini."

Afisa yule alionekana anavirudia vitabu alivyovisoma, ukurasa kwa ukurasa, akilitafuta neno hilo, na hakulipata. "Niliuliza kama yamekauka," alisema hatimaye.

"Uliuliza, na nilikujibu kweli. Yalikuwa yamekauka."

Chengo alikuwa amemaliza kupima na amesimama karibu. Twaiba alimnyoshea mkono. Akafikiri anataka kuagwa, akampa wake. "Si mkono. Hiyo kamba." Aliipokea, akaipitisha baina ya vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi.

"Nani aliisokota?"

"Mama yangu."

"Ana haraka. Hii haikulala miezi sita." Aliivuta, akainusa. "Na makapi yake huyaweka wapi?"

"Chumbani," Chengo alisema, na hapo akafahamu. "Lundo kubwa. Ndiyo tuliyokuwa tukiyategemea."

Kalama alifuta, akaandika upya, na safari hii hakusoma. Kisha alisema, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine, kwamba kanuni haikuwa na nafasi ya chumvi. Ilihesabu miche iliyo hai. Nusu ikiwa na majani mapya, familia inabaki, ikipungua, inaondoka. Yeye angeweza kuhesabu leo.

"Leo sina pa kuisimamisha nyumba," Chengo alisema ghafla. "Uwanja wangu una visiki vya minazi."

Kalama alimgeukia. "Asubuhi uliniambia umesawazisha."

"Nilisahau visiki."

"Vingapi?"

"Vya siku kumi na nane," alisema Chengo, akiikunja kamba yake. Kalama akaandika tarehe ya kurudi kuhesabu.

*

Chumvi ikiwa udongoni, dawa yake ni maji matamu, mengi, yapite na kushuka nayo chini. Hilo Abdulkadir alilijua. Kisima cha nyumbani, kama visima vyote vya upande wa ufuo, kilikuwa cha maji ya magadi, cha kufulia. Kitamu kilikuwa cha msikiti; ndoo chache za kunyweshea miche hakuna aliyezihesabu, lakini kwa mengi iliwabidi waombe. Msimamizi wake, Sufyan, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Maji haya ni ya kunywa na ya udhu, Abdulkadir. Waumini watasema nimezipa nyanya zitawadhe."

"Ninaomba baada ya adhuhuri tu, watu wakiwa wamekwenda."

"Mpaka alasiri. Na mitungi thelathini, usizidishe. Ukizidisha kina kinashuka, na mimi ndiye nitakayesimamishwa kuulizwa."

"Sitazidisha. Allah akulipe."

Mitungi thelathini kwa siku ilikuwa safari tano za mkokoteni. Chirau aliuleta mkokoteni wake bila ya kuombwa, jambo ambalo lilimpa haki ya kusema alichotaka.

"Kwanza mliupika mchanga. Sasa mnauosha. Niambieni siku ya kuupiga pasi, nilete makaa."

"Sukuma, Chirau," Ummulkheir alisema.

"Nasukuma, shemeji. Nauliza tu, mjue mna jirani."

Abdulkadir alivuta ndoo kisimani, Chirau akasukuma, Ummulkheir akamimina kwa mkebe, tuta kwa tuta, pole pole ili maji yasikimbie juu. Siku ya tatu viganja vya Abdulkadir vilitoka malengelenge. Siku ya tano mgongo wa Ummulkheir ulikataa kunyooka, akamimina ameinama hivyo hivyo mpaka alasiri, na akakataa kazi ya kupika hitima ya usiku wa kuamkia Ijumaa huko Galu, kazi ambayo wasingeikataa mwaka wowote mwingine. Miche iliendelea kufa. Waliyamwagia maji mashimo yaliyokuwa na miche kama walivyoyamwagia yaliyo tupu, kwa sababu chumvi haikuchagua.

Siku ya sita Ummulkheir alimkuta mkwewe jikoni akipangua vyombo.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kifumbu."

"Cha kukamulia tui? Tui la nini saa hizi?"

"Si tui."

Twaiba alikwenda nacho hadi kwenye tuta la kwanza, kwa mara ya kwanza tangu mlango ulipofungwa. Alikijaza kile kichujio kilichosukwa kwa ukindu konzi mbili za udongo wenye makaa, akamimina kikombe cha maji matamu juu yake, akakikamua kwa mikono miwili kama alivyokamua nazi maisha yake yote. Maji meusi yakatiririka kwenye bakuli. Aliyaacha yatuame, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Bado," alisema.

"Kifumbu changu!" Ummulkheir alisema. "Mama, nimekinunua mfungo mosi, Idi imekwisha tu."

"Nitakuoshea."

"Hakitatoka masizi yale."

"Basi utachujia kahawa," Twaiba alisema, na wote wawili, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, wakacheka.

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri, mizigo ilipokwisha, Twaiba aliketi kwenye kigoda kati ya matuta, akakamua, akaonja, akatema. Hakuweza kubeba mtungi wala kuvuta ndoo kisimani. Alikuwa na ulimi, ambao kwa miaka sabini na mitatu ulijua bahari inaishia wapi. "Bado." Siku ya tisa: "Bado." Siku ya kumi na mbili alionja mara mbili kabla ya kusema neno lilelile. Abdulkadir alizoea kulingoja akiwa amekaa juu ya mtungi mtupu, viganja vimefungwa vitambaa.

Siku ya kumi na tatu alisema, "Mama, ile siku ya kuchoma..."

"Usinipe pole, Kadiri. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nikitazama, na chumvi naijua kuliko wewe." Alikamua. "Niliona fahari ikanipita akili. Bado."

*

Siku ya kumi na nane Kalama alikuja peke yake. Alihesabu tuta la kwanza akitia alama kwa kalamu kwenye kiganja, kisha la pili. Minyanya iliyobaki ilikuwa mifupi na yenye sura ya wagonjwa waliotoka hospitali, lakini kileleni kila mmoja ulikuwa na jani jipya, na jani lile halikuwa na utepe. Wenyeji walisimama nje. Chirau naye alisimama, akiwa na mkokoteni, kimya, jambo ambalo lilimtisha Ummulkheir kuliko hesabu.

"Mia moja na tatu," Kalama alisema alipotoka. "Nusu ni mia na ishirini."

Abdulkadir alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amehesabu mwenyewe alfajiri, akapata mia moja na tano. Miwili lazima aliihesabu kwa kutaka iwe hai.

Kalama alikaa kwenye benchi, akaiweka fomu gotini, wala hakufungua kalamu. Badala yake alitoa simu. "Nimpigie Chengo, alete gari la kubebea vyuma," alisema, akaiweka simu kwenye benchi, sauti ikisikika na wote.

"Bwana Chengo, visiki vimekwisha?"

"Visiki vilikwisha zamani, bwana Kalama."

"Basi uje kesho na gari."

Ulisikika upepo, na kuku wa Bodo.

"Nyumba isije kwanza," Chengo alisema. "Mama yangu ameonja lundo lake. Ametema nusu saa. Makapi mengine hatuna, na majani ya mikoko haturuhusiwi kukata. Nikiipokea sasa nitaiua miche kama walivyoiua wao, na nikiiua mara tatu nyumba itakwenda kwa mwingine, ambaye mama yake naye anapiga makumbi. Tunamwomba mama wa hapo Mwabungo aje kwanza atuonyeshe kuosha. Ikisha kuoshwa, ndipo."

"Lini?"

"Sijui. Maji matamu huku yako mbali."

"Unakataa nyumba?"

"Sikatai. Andika sijawa tayari."

Kalama aliandika. Alisoma kwa sauti, na kila mmoja akalisikia: aliye kwenye orodha hajawa tayari; nyumba ibaki ilipo msimu mmoja. Fomu haikusema kwamba Mwabungo wamefaulu. Mahali pa idadi ya miche palijazwa mia moja na tatu, kama ilivyokuwa.

"Ni msimu mmoja, Abdulkadir," alisema akifunga kalamu. "Sitaweza kuandika hivi tena."

"Nimefahamu. Ahsante."

"Usinishukuru mimi."

Pikipiki ilipoondoka hakuna aliyeshangilia. Chirau aliugeuza mkokoteni, akauliza kwa sauti ya kawaida kama leo wanaosha au wanapiga pasi. Abdulkadir alikusanya mitungi mitupu. Alasiri ilikuwa haijaingia, na safari mbili za maji zilibaki.

Walipomaliza, Twaiba aliketi kwenye kigoda chake kati ya matuta. Alijaza kifumbu, ambacho sasa kilikuwa cheusi kisichoweza kurudi jikoni, akamimina maji, akakamua. Aliyaacha maji yatuame kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akachota kwa kiganja, akaweka mdomoni, akafumba macho. Abdulkadir alikuwa amekwisha kukaa juu ya mtungi wake, akilingoja lile neno.

Twaiba hakutema. Koo lake lilipanda, likashuka.

Alipangusa midomo kwa ncha ya leso, akakikung'uta kifumbu, akakikunja mapajani mwake.

"Kesho mniamshe mapema," alisema. "Bodo ni mbali."